Kutoka Santuri hadi Luninga

Katika kabati la nyumba yangu hapa Same, chini ya majalada ya zamani ya maandalio ya masomo, kulikuwa na kaseti tisa ambazo hazikuwa zangu. Nilizichukua mwaka 1996 kutoka kwa mwanachuo mmoja, nikazifungia humo kwa nia ya kumrudishia mwisho wa muhula. Mwisho wa muhula ulipofika, mwanachuo yule hakuwapo tena chuoni. Nitaeleza mbele jinsi ilivyokuwa. Kwanza sina budi kumweleza msomaji kwa nini mzee aliyepita miaka sabini, aliyekuzwa na kwaya ya kanisani na nyimbo za mchakamchaka, anathubutu kuandika habari za dijei wa hip hop na muziki wa luninga.

Chanzo ni mjukuu wangu. Alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na kompyuta yake ya mkononi, na jioni moja umeme ulipokuwa umetulia akanionyesha tamthilia ya Kimarekani iitwayo Luke Cage. Ni kisa cha mtu wa mtaa wa Harlem, mjini New York, ambaye risasi haziwezi kupenya mwili wake. Mimi si mpenzi wa hadithi za namna hiyo, na nilikaa kwa ajili ya kumridhisha mtoto. Lakini baada ya nusu saa nilijikuta sifuatilii ngumi wala risasi. Nilikuwa nasikiliza. Chini ya mazungumzo palikuwa na gitaa la besi likitembea polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani, na juu yake zikaingia fidla, kisha vyote vikanyamaza mtu alipotaka kusema neno la kweli.

"Babu," mjukuu akasema, "unajua aliyetengeneza muziki huu ni dijei?"

Nilimwambia asinitanie. Kwa watu wa rika langu dijei ni kijana anayewasumbua wagonjwa usiku wa Sikukuu ya Idi na Krismasi. Ni yule wa disko toto. Lakini mtoto alisema kweli, na kwa kuwa nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nilimtaka anieleze tangu mwanzo.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Septemba 2016, ikiwa na sehemu 13, na awamu yake ya pili ilitoka Juni 2018. Muziki wake ulitungwa na watu wawili, Adrian Younge na Ali Shaheed Muhammad. Huyu wa pili alizaliwa Brooklyn mwaka 1970, na alijulikana kwanza kama dijei wa kundi la A Tribe Called Quest, ambalo santuri yao ndefu ya kwanza ilitoka mwaka 1990. Kundi lilivunjika mwaka 1998, likakutana tena kwa kazi moja ya mwisho mwaka 2016, mwaka uleule walipofiwa na mwenzao Phife Dawg. Kati ya miaka hiyo dijei yule hakukaa bure. Alijifunza kupiga besi na kinanda, akatengenezea muziki waimbaji wengine, na hatimaye akaitwa kuutungia muziki mchezo wa luninga.

Tujiulize, basi: ni kitu gani anachokijua dijei ambacho mchezo wa luninga unakihitaji?

Wanaoeleza asili ya hip hop hutaja usiku wa tarehe 11 Agosti 1973, mtaa wa Bronx, New York, ambako kijana mwenye asili ya Jamaika, aliyejiita Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe ya dada yake. Herc alikuwa amegundua jambo dogo. Katika santuri nyingi za dansi kuna kipande kifupi ambapo mwimbaji hunyamaza na ala nyingine hunyamaza, zikabaki ngoma peke yake. Alipowatazama wachezaji, aliona kuwa kipande hicho ndicho wanachokingojea. Basi akatumia mashine mbili za santuri, na santuri mbili za wimbo uleule, ili kipande kinapokwisha huku kianze kule, na zile sekunde chache ziwe dakika nzima. Kila kilichofuata katika muziki huo kilijengwa juu ya msingi huo.

Mwalimu yeyote atautambua ustadi huo. Kwanza ni kuwatazama watu walio mbele yako. Pili ni kujua, katika wimbo wa dakika nne, ni wapi penye uhai. Tatu ni kuunganisha vitu viwili vya asili tofauti bila msikilizaji kujikwaa. Sasa mtunzi wa muziki wa luninga anafanya nini zaidi ya hayo? Anapewa picha badala ya ukumbi. Anaitazama, anatafuta pale penye uhai, anaunganisha tukio na tukio, na zaidi ya yote anajua wakati wa kunyamaza. Ndiyo maana katika Luke Cage hukuti muziki ukipiga kelele kumwambia mtazamaji ahuzunike. Jambazi mkuu wa mchezo, anayeigizwa na Mahershala Ali, ana ukumbi wa muziki, na mara kwa mara huketi kwenye kinanda chake akapiga peke yake. Muziki wa ukumbini, muziki wa vidole vyake, na muziki tunaousikia sisi watazamaji ambao yeye hausikii, vimeshonwa pamoja hata mshono hauonekani. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa miaka akiunganisha santuri mbili.

Hata hivyo sikuridhika na kila kitu, na mhakiki anayesifu tu ni mwenzake mpiga debe wa stendi. Muziki wa mchezo ule ni mtamu mno mahali pengine. Umechota kisimani kwa Isaac Hayes, aliyetunga muziki wa filamu ya Shaft mwaka 1971, na umechota kwa mapenzi makubwa. Lakini muuaji akiingia na besi tamu namna ile, kijana anayetazama humpenda muuaji kwa mwendo wake kabla hajayapima matendo yake. Nilimwona mjukuu wangu akitikisa kichwa wakati mtu anapigwa hadi kufa. Nilimwuliza kama ameona kilichotokea. Akasema, "Nimeona, Babu, lakini biti ilikuwa kali." Hapo ndipo mtunzi anapopaswa kukumbuka kwamba luninga si ukumbi wa dansi, na kwamba si kila kinachomtikisa mtu kinamfaa.

Sasa nirudi nyumbani, maana mcheza kwao hutunzwa, na swali langu hasa ni la nyumbani.

Sisi wa Bara tulichelewa kupata luninga. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini huku tulingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi kama ITV vilipoanza. Kabla ya hapo sauti ya taifa ilikuwa Redio Tanzania peke yake, na kijana wa milima ya Upare mwenye wimbo wake alikuwa mbali na mlango wa studio kama alivyokuwa mbali na bahari. Vijana wa kufokafoka, kama tulivyowaita, walikwisha kuanza. Saleh Jabir alikuwa ameshaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kurukaruka juu ya mdundo wa Kimarekani, na kundi la Kwanza Unit lilikuwa Dar es Salaam. Kilichokosekana ni njia ya kuwafikisha kwa watu.

Njia hiyo, kwa sehemu kubwa, ilitengenezwa na madijei. Katika miaka ya 1980 Joseph Kusaga alikuwa kijana wa disko mjini Arusha, na disko lake aliliita Clouds, ambalo wengi walilitafsiri wakaliita Mawingu. Disko likahamia Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja Mawingu Studio, na mbele ya mitambo akaketi dijei mwingine, Boniface Kilosa, ambaye vijana walimfahamu kwa jina la Bonny Luv. Mwishoni mwa miaka hiyo ikaja redio, Clouds FM, ambayo Kusaga aliiendesha pamoja na marehemu Ruge Mutahaba, aliyefariki Februari 2019. Baadaye ikaja Clouds TV. Msomaji aitazame safari hiyo kwa makini: mashine mbili za santuri, kisha studio, kisha redio, kisha luninga. Ali Shaheed Muhammad, kwa umaarufu wake wote, aliajiriwa kutunga muziki katika luninga ya watu wengine. Dijei wetu wa Arusha alimiliki luninga yenyewe.

Nasema haya bila kejeli, kwa sababu ni jambo kubwa. Kizazi ambacho walimu wake tulikihesabu kuwa kimepotea ndicho kilichojenga nyumba ambamo sasa taifa linasikiliza muziki wake. Bongo Fleva isingetoka vichochoroni bila madijei hao, wakiwamo na wale wa Radio One walioanza mapema kucheza nyimbo za vijana hewani.

Lakini nina lawama moja. Ndani ya nyumba hiyo kubwa, dijei alipewa funguo akasahauliwa kupewa kazi. Luninga zetu zilimtumia kwa jambo moja tu katika yale matatu niliyoyataja, yaani kuchagua. Wimbo gani uchezwe, video gani ionyeshwe, ya ngapi katika orodha ya wiki. Kuchagua ni madaraka, na madaraka huzaa manung'uniko. Ndiyo maana baadhi ya wasanii, Joseph Mbilinyi maarufu kama Sugu akiwa mmoja wao, walilalamika hadharani kwamba wenye redio, wenye majukwaa na wenye kuamua nani asikike wamekuwa ni walewale. Sitaamua kesi hiyo, kwa sababu sikuwapo. Nasema tu kwamba anayechagua siku zote bila kutunga hugeuka kuwa bawabu, hata awe na sikio zuri namna gani.

Na kazi ya kutunga ilikuwapo, tena tele. Tazama tamthilia na filamu zetu tangu ITV ilipoanza kutuonyesha michezo ya Kaole. Waigizaji tunao, na machozi tunayo. Muziki je? Mara nyingi umewekwa kama chumvi inayomwagwa na mtu asiyeonja. Mama analia, kinanda kinalia kwa sauti kuliko mama. Mume anaondoka, unaanza wimbo unaotueleza kwamba mume ameondoka, beti zote tatu, kana kwamba sisi ni vipofu. Mwishoni majina yanapita: waigizaji, mpiga picha, mwenye nyumba iliyotumika, hata aliyepika chakula. Aliyetengeneza muziki hukumtafuta ukampata. Nchi yenye madijei waliojenga vituo vizima haikuona haja ya kumketisha mmoja mbele ya picha na kumwambia: tazama, kisha tuambie wapi tunyamaze.

Kwa nini? Fedha ni jibu la kwanza, na ni la kweli. Mchezo unaopigwa kwa siku chache hauna fungu la mtunzi. Lakini liko jibu la pili ambalo linanihusu mimi, na hapo nazirudia kaseti.

Mwanachuo yule alikuwa mwaka wake wa mwisho katika chuo cha ualimu ambacho mimi nilikuwa mkuu wake. Alikuwa na deki mbili za kaseti, za kuungaunga kwa nyaya, na usiku wa Jumamosi alikuwa akiwapigia wenzake muziki katika bwalo. Nilipomwonya mara ya kwanza alinisikiliza kwa adabu. Mara ya pili nilimkuta saa sita usiku, nikachukua kaseti. Mara ya tatu alikuwa ametoroka kwenda kupiga disko Moshi, akarudi Jumatatu na kukosa kipindi cha mazoezi ya kufundisha. Nilimwandikia barua ya kumsimamisha. Kanuni ziliniruhusu, na sikuvunja hata moja. Lakini hakurudi, na hakupata cheti.

Sikumwuliza hata mara moja alikuwa akifanya nini na deki zile mbili. Nilijua tu kwamba ni kelele. Chuo kilikuwa na somo la muziki, nasi tulilifundisha kwa nota za do re mi na nyimbo za kwaya, na mtu pekee katika jengo lile aliyejua kuunganisha nyimbo mbili bila mshono nilimwona mhalifu. Vyuo vyetu havikumfundisha dijei kusoma nota, wala sisi hatukujifunza kwake kusikiliza. Halafu tunashangaa kwamba filamu zetu hazina mtunzi.

Mwaka jana alikuja nyumbani. Ni mtu mzima sasa, mvi zimeanza, na anakodisha vyombo vya muziki kwa harusi kuanzia Same hadi Hedaru. "Shikamoo Mwalimu," akasema, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama wanavyokaa wanafunzi hata wakizeeka. Alikuwa na shida ya kikazi. Vijana wa vijiji vya juu ya Makanya wametengeneza filamu fupi kwa simu, inayohusu ndugu wawili wanaogombea zamu ya maji ya ndiva, na maneno mengi yamesemwa kwa Kipare. Muziki anatengeneza yeye. Alitaka nisahihishe Kiswahili cha maandishi yanayopita chini ya picha.

Kwa msomaji asiyetoka huku, ndiva ni bwawa la kienyeji ambalo Wapare wamelitumia tangu zamani za mababu. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakaenda kwenye mifereji ya mashamba, kila mtu kwa zamu yake. Katika filamu ile ugomvi unafika kilele alfajiri, ndugu mkubwa anapolifungua bwawa kabla ya zamu yake. Niliitazama katika simu ya mwanafunzi wangu, nikiwa nimevaa miwani. Kabla ya hapo kulikuwa na ngoma nyepesi, kisha kinanda kidogo, kisha ngoma tena. Mkono ulipofika kwenye kizibo, muziki ulikatika. Yalisikika maji tu, yakianza kidogo, kisha mengi, na sauti ya mtu akihema.

Nilimwuliza kama hapo hajamaliza kazi.

"Hapo nimemaliza, Mwalimu," akasema. "Kila nilichoweka kilikuwa kinagombana na maji."

Nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamwuliza alijifunzia wapi jambo hilo. Akasema kwamba ukumbini, ukiona watu wamechoka, huongezi sauti, unaipunguza, nao wenyewe watakuja kuitafuta. Alilisema kama mtu anavyoeleza namna ya kupika makande.

Niliinuka nikaleta zile kaseti. Mbili zilikuwa zimeota ukungu. Alizipokea kwa mikono miwili, akazipanga juu ya meza, akazitazama moja moja. Ndipo akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote ile sikulijua: kaseti zile hazikuwa zake. Alikuwa ameziazima kwa mwenye disko mmoja wa Moshi, na safari ile ya kutoroka alikwenda kumpigia disko ili kufidia deni. Baada ya kusimamishwa aliendelea kulilipa kwa miezi minane. Hakulisema kwa uchungu, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimwambia kwamba nilipaswa kumwuliza. Akajibu, "Na mimi nilipaswa kusema, Mwalimu. Lakini tulikuwa tunakuogopa."

Sijui kama filamu ile itafika katika luninga yoyote. Haina maghorofa wala magari. Najua kwamba mahali pale pa maji pangewafaa watayarishaji wengi wa Dar es Salaam kupatazama, na kwamba wenye vituo, ambao wengine walianza kwa santuri kama yeye, wana uwezo wa kumlipa mtu wa namna hiyo kwa kazi anayoiweza. Hawahitaji vinanda vya Marekani. Wahitaji ni watatu: mtu mwenye sikio, siku chache za kuitazama picha kabla ya kuitia sauti, na mstari mmoja wa jina lake mwishoni.

Nilisahihisha maandishi yake kwa wiki moja. Kiswahili kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia, makosa yalikuwa madogo, mengi ya herufi h na ya viunganishi. Nilipofika ukurasa wa mwisho, kwenye orodha ya waliohusika, nilikuta majina ya vijana wote, na jina la mzee aliyewaruhusu kutumia bwawa. Mbele ya neno "Muziki" palikuwa wazi. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika jina lake kamili, kama lilivyokuwa katika daftari la mahudhurio la mwaka 1996, nikamrudishia.